Sista wa wodi ya saratani: tunayodhani na yalivyo

Mgonjwa wa malaria kali hulazwa siku chache akarudi kwao, na aliyefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo vivyo hivyo. Mgonjwa wa saratani hukaa. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, akitoka Kigoma au Songea kuja Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hupigwa mionzi siku tano kwa wiki kwa takriban wiki tano, na bado kuna kemo, yaani dawa za kuua saratani, na mionzi ya ndani, ile inayowekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe. Mpaka amalize, muuguzi ameshajua majina ya watoto wake, nani anamtumia nauli na nani ameacha kupiga simu. Kuhusu kazi ya namna hii na uchovu wa moyo inaouleta yanasemwa mengi, hata na wauguzi wenyewe, na mengine yamekaa upande.

Dhana: Mwenye huruma nyingi ndiye anayechoka kwanza

Hii ndiyo wanafunzi wa uuguzi hurithishwa wodini na waliowatangulia: "Usiwaweke moyoni, utaisha." Ina ukweli nusu, ndiyo maana inadumu.

Watafiti Tania Singer na Olga Klimecki waliwaonyesha watu video za wenzao wanaoteseka. Waliofundishwa kuyahisi tu maumivu ya yule wanayemtazama walizidi kuumia wao. Baadaye walifundishwa kumtakia mema na kuuelekeza moyo kwenye kumsaidia. Hapo hali yao ikapanda tena, ingawa video zilikuwa za mateso ya aina ileile, na hata sehemu za ubongo zilizoamka zilikuwa nyingine.

Kwa hiyo kumjali mgonjwa siko kunakomla muuguzi. Kinachomla ni kusimama kando ya kitanda akiumia pamoja naye, na mikono mitupu. Ndiyo maana naona jambo moja la Uganda lina uzito kuliko semina nyingi za "kujitunza". Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi, na mofini ya unga, dawa kali ya maumivu, ikawa inachanganywa na maji, ya bei nafuu, mgonjwa anainywa nyumbani kila baada ya saa nne. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, kuiandika wao wenyewe. Muuguzi huyo akikuta mtu anagugumia kwa maumivu, analo la kufanya. Mwenzake asiye na ruhusa hiyo humsubiri daktari, ambaye pengine yuko chumba cha upasuaji, pengine ameshafika nyumbani, na kilio anakisikia yeye.

Dhana: Sista mkali ana roho mbaya

Wenye roho mbaya wapo, kama katika kila kazi. Lakini mwanasaikolojia wa Marekani Christina Maslach, ambaye kipimo chake cha uchovu wa kazi kilitoka mwaka 1981, alitaja dalili tatu zinazokwenda pamoja: kuishiwa nguvu za moyo, kuwaona watu kama vitu, na kuhisi kwamba unachofanya hakina faida. Ile ya pili unaisikia wodini kwa masikio yako, pale mama mwenye jina na wajukuu anapogeuka kuwa "yule kizazi wa kitanda cha nane". Ni ngao ya aliyeelemewa. Haimwondolei mgonjwa haki ya kulalamika akikaripiwa, ila barua ya onyo peke yake haijawahi kumrudishia mtu moyo wa kazi.

Dalili ya tatu haisemwi sana, na kwenye saratani ina sababu yake. Anayepona huenda zake. Yule mtoto aliyekuja na taya limevimba kwa limfoma ya Burkitt, saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Kampala mwaka 1958 na ambayo hutibika kwa kemo, sasa yuko shule na sista wa wodi hana habari. Anaowaona wakirudi kulazwa ni wale ambao ugonjwa umerudi. Ukiangalia mlango mmoja tu wa nyumba, utaapa kwamba watu wanatoka bila kuingia. Aliyemaliza dawa akija kliniki ya marejeo na kupita wodini kusalimia dakika mbili, anafanya kazi ambayo hakuna semina inayoiweza.

Dhana: Ndugu wakitaka mgonjwa asiambiwe, muuguzi anyamaze, ndiyo huruma

Kila aliyefanya kazi hii anaijua sentensi yenyewe: "Sista, tafadhali, mama asijue." Mtoto mkubwa huisema koridoni, kwa nia njema kabisa. Mama ana presha, atakufa kwa mshtuko kabla ya ugonjwa wenyewe. Daktari hupita raundi asubuhi akaondoka. Sista ndiye atakayekuwepo saa nane usiku, mama yuko macho, nywele zimebaki kwenye mto, amuulize: "Mwanangu, hivi naumwa nini hasa?"

Atasema ni uvimbe. Kesho atasema tena uvimbe. Keshokutwa ataanza kukipita kitanda kile haraka haraka ili asiulizwe, na mama atadhani amemkosea.

Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton, akiandika juu ya maadili ya uuguzi, aliieleza hali hii: kulijua lililo sahihi na kuzuiwa kulitenda. Uchovu wake hauondoki kwa kulala. Na siri yenyewe mara nyingi ni ya upande mmoja, maana mgonjwa anajua kusoma kibao cha getini, na wa kitanda cha jirani ana mdomo.

Haimaanishi muuguzi amrukie mtu na habari asizozitaka. Linalofaa ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe mapema, kabla majibu ya kile kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa hayajatoka maabara: angependa aelezwe kwa kiasi gani, na nani asikie pamoja naye? Wapo watakaojibu, "Mwambieni mwanangu, mimi nipeni dawa tu," na hiyo ni haki yao. Jibu hilo likiandikwa kwenye faili, sista wa usiku hana tena uongo wa kubeba.

Dhana: Likizo na maombi vitaumaliza uchovu

Maombi huwashika wengi wasianguke, nami siyabezi. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kuwa jambo linalotokana na mazingira ya kazi, na halikuuweka kati ya magonjwa. Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani, na mwaka 2002 wakaripoti kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huendana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoka kiasi hicho, na asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Hizo hazikuwa wodi za saratani, na zilikuwa na wauguzi wengi kuliko zetu. Huku kwetu muuguzi mmoja wa zamu ya usiku kwa wodi nzima si habari ya kumshangaza mtu. Atakwenda likizo, atarudi, na atazikuta zamu zilezile.

Dhana: Muuguzi wa kweli halii

Kenneth Schwartz, wakili wa Boston, aligunduliwa na saratani ya mapafu mwaka 1994 akiwa na miaka 40. Muuguzi aliyemhoji kabla ya upasuaji alianza kikavu, maswali ya fomu tu, mpaka aliposikia ugonjwa wenyewe. Akamshika mkono, akamuuliza habari za mtoto wake wa miaka miwili, akasema naye ana mpwa mwenye jina hilohilo, machozi yakamlenga. Schwartz hakuona udhaifu hapo. Kabla ya kufariki mwaka 1995 aliandika gazetini jinsi wema wa namna ile ulivyombeba. (Kulia mpaka mgonjwa aanze kukubembeleza wewe ni jambo lingine.)

Kituo kilichoachwa kwa jina lake kilianzisha vikao mwaka 1997 katika Massachusetts General Hospital, ambamo madaktari, wauguzi na wafanyakazi wengine husimuliana jinsi mgonjwa fulani alivyowagusa, bila kujadili dozi. Sasa vinafanyika hata Uingereza na Ireland. Hospitali zetu nyingi tayari zina kikao cha kupitia vifo: dawa gani ilitolewa, saa ngapi, nani alichelewa. Hiki cha kusimuliana hakihitaji mashine wala fungu la wizara. Kinahitaji saa moja, na mtu wa kushika wodi wakati walio zamu wamekaa humo. Hilo la mtu ndilo gumu.