Asilimia ya Nani? Ninavyofundisha Takwimu kwa Watu wa Afya

Mwanafunzi akileta ripoti ya kituo cha afya inayoonyesha kuwa chanjo ya surua imefikia asilimia 112 ya walengwa, wenzake hudakia haraka: amekosea hesabu. Mara nyingi hajakosea. Watoto waliochanjwa wamo kwenye rejista, mmoja mmoja, na tarehe zao. Tatizo liko chini ya mstari wa kugawanya, kwenye idadi ya watoto waliolengwa. Hiyo hakuna aliyeihesabu pale kituoni. Imeshuka kutoka juu kama makadirio yaliyojengwa juu ya sensa. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, Watanzania waliongezeka kutoka takribani milioni 44.9 hadi milioni 61.7, na ongezeko hilo halikugawanyika sawa kwa kila kata. Mahali palipokuwa mashamba, pembezoni mwa jiji, leo pana nyumba zilizobanana na watoto kila uani, lakini makadirio bado yanapahesabia watoto wachache. Ongeza kina mama wanaovuka mpaka wa kata kufuata kituo chenye foleni fupi, na asilimia 112 inaeleweka kabisa.

Naanza muhula na ripoti ya namna hii kwa makusudi. Ninaowafundisha ni wauguzi, wataalamu wa maabara na maofisa wa afya, na wengi wao waliagana na hisabati kidato cha nne wakimshukuru Mungu. Ukiwapa kanuni ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, siku ya kwanza wataikariri, watafaulu mtihani, kisha wataisahau. Ukiwapa swali la "asilimia ya nani?" wataondoka nalo hadi wodini. Kwangu mimi, swali hilo ndilo nusu ya somo zima la takwimu, na linastahili wiki nyingi kuliko zile linazopewa kwenye mitaala.

Uzito wake unaonekana vizuri zaidi kwenye upimaji wa VVU. Chukua kitendanishi kizuri, yaani kipimo cha haraka. Kwa kila watu 100 wenye virusi kinawabaini 99, na kwa kila watu 100 wasio na virusi kinawapa 98 majibu sahihi kwamba hawana. Hivyo ndivyo viwango vya chini ambavyo Shirika la Afya Duniani linavitaka kwa kipimo cha haraka cha kuanzia. Sasa nauliza darasa: mtu amepima mara moja, mistari imetoka miwili, yaani kipimo kinasema ana virusi. Kuna uwezekano gani kwamba kweli ana virusi? Mikono inanyooka. Asilimia 99, anasema mmoja. Asilimia 98, anasema mwingine. Karibu wote wanaishia hapo.

Basi tunaziweka asilimia pembeni na kuhesabu watu. Tunaandika ubaoni watu 10,000 waliokuja kupima mahali ambapo mtu 1 kati ya 10 ana virusi. Wenye virusi ni 1,000, na kipimo kinawabaini 990. Wasio na virusi ni 9,000, na wawili katika kila mia miongoni mwao wanapata mistari miwili isiyo ya kweli, yaani watu 180. Waliopata mistari miwili kwa jumla ni 1,170, na kati yao wenye virusi kweli ni 990, kama asilimia 85 hivi.

Tunachukua kitendanishi kilekile, kutoka boksi lilelile, tunakwenda nacho mahali ambapo mtu 1 kati ya 100 ana virusi. Wenye virusi sasa ni 100, wanabainika 99. Wasio navyo ni 9,900, na wawili katika kila mia ni 198. Mistari miwili wamepata watu 297, na wenye virusi kweli ni wale 99 tu. Mmoja kati ya watatu! Hapo simu zinatoka mifukoni, hesabu inarudiwa, na inatoka vilevile.

Kipimo hakikuharibika njiani. Kilichobadilika ni foleni ya waliokuja kupima. Ndiyo maana hakuna mtu anayepaswa kuambiwa ana VVU kwa kipimo kimoja, na ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote zitumie vipimo vitatu mfululizo kabla ya kuthibitisha maambukizi. Kabla ya hapo, nchi zenye maambukizi mengi zilikuwa zinatumia viwili. Dawa zilipowafikia watu wengi, na wenye virusi wengi wakawa tayari wamejulikana na wako kliniki, foleni ya upimaji ilibaki na watu wengi zaidi wasio na maambukizi. Mafanikio yenyewe yakapunguza uzito wa mistari miwili ya mwanzo. Mtaalamu wa maabara aliyeielewa hesabu hii hawezi kukiona kipimo cha tatu kama usumbufu, wala hatashawishika kukiruka siku vitendanishi vinapopungua. Anayeathirika na uamuzi huo ni mtu, pengine mama mjamzito, anayekwenda nyumbani na jibu ambalo litabadili ndoa yake.

Njia hii ya kuhesabu watu ina ushahidi nyuma yake. Gerd Gigerenzer na Ulrich Hoffrage, wanasaikolojia wa Ujerumani, walionyesha mwaka 1995 kuwa watu wanafikiri vizuri zaidi juu ya uwezekano wa aina hii wakipewa idadi, "watu kadhaa kati ya 1,000", kuliko wakipewa asilimia. Baadaye Gigerenzer aliwauliza madaktari 160 wa magonjwa ya wanawake swali kama letu, lake likihusu picha za kupima saratani ya matiti. Walikuwa na majibu manne ya kuchagua, na waliopatia walikuwa takribani mmoja kati ya watano. Wangebahatisha wangepatia zaidi. Walipofundishwa kugeuza asilimia kuwa watu, wengi sana wakapatia. Kwa hiyo nikisikia mwalimu analalamika kuwa wanafunzi wake hawana kichwa cha takwimu, najiuliza kwanza aliwapa namba katika sura gani.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji kanuni hata moja. Kila mwanafunzi anaandika kwenye karatasi idadi ya watoto waliozaliwa na mama yake, naye mwenyewe akiwemo. Tunatafuta wastani, unatoka mkubwa, na darasa linahitimisha kuwa huo ndio wastani wa watoto kwa kila mama. Hapo nawachorea akina mama wanne: wa kwanza hana mtoto, wa pili ana mmoja, wa tatu wawili, wa nne sita. Ukiwauliza akina mama, wastani ni 2.25. Ukiwauliza watoto wote tisa, mmoja atasema 1, wawili watasema 2, sita watasema 6, na wastani unapanda hadi zaidi ya 4.5. Mama mwenye watoto wengi ana sauti nyingi darasani. Asiye na mtoto hana wa kumsemea kabisa. Hakuna aliyedanganya.

Kosa hilohilo liko wodini. Ukiingia asubuhi moja na kuwauliza waliolala vitandani wamekaa siku ngapi, utawakuta kwa wingi wale wa muda mrefu, kwa sababu aliyelazwa usiku mmoja na kuruhusiwa ana nafasi ndogo ya kukutwa. Wanaotaka kujua wastani wa siku za kulazwa wafungue rejista ya walioruhusiwa.

Juu ya wastani na namba ya katikati, ile inayokaa katikati ukizipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, sitasema mengi, maana vitabu vinatosha. Wagonjwa tisa wakisubiri dakika 20 kila mmoja na wa kumi akasubiri saa nne, wastani unakuwa dakika 42, muda ambao hakuna hata mmoja wao aliyeusubiri. Ripoti namba ya katikati, kisha umtaje huyo wa saa nne, kwa sababu yeye ndiye habari.

Kuna jambo lingine ambalo napigania lifundishwe mapema: namba ndogo huyumba. Nawapa wanafunzi sarafu za shilingi 200, upande wa Karume na upande wa simba, kila mtu arushe mara 10. Karibu theluthi ya darasa itapata upande mmoja mara saba au zaidi. Tukijumlisha marusho ya darasa zima, tunasogea karibu na nusu kwa nusu. Kisha nawarudisha kwenye orodha za shule kwa matokeo ya mitihani. Shule yenye watahiniwa 15 inaweza kuruka kutoka mkiani hadi kileleni kwa wanafunzi watatu tu; yenye watahiniwa 300 haiwezi. Ndiyo sababu ukipanga shule zote pamoja, ndogo hujazana juu na ndogo hujazana chini. Baraza la Mitihani lilipokuwa likitangaza shule bora lilizitenga zenye watahiniwa wachache na zenye wengi, na hiyo ilikuwa takwimu ya busara. Zahanati nazo zingestahili kupangwa hivyo kabla ya kusifiwa au kukaripiwa kwenye kikao cha robo mwaka.

Kwenye mtihani wangu wa mwisho hakuna swali la kukokotoa peke yake. Natoa jedwali, nataka sentensi mbili za kumwandikia mganga mkuu wa wilaya. Anayeandika "vifo vya uzazi vimepungua kwa asilimia 50" anapata alama chache, hata kama hesabu ni sahihi. Anayeandika "kifo 1 kati ya waliojifungua kituoni 655 mwaka huu, vifo 2 kati ya 640 mwaka jana; tofauti ni ndogo mno kusema huduma imeboreka" anapata zote. Akiisoma hiyo, mganga mkuu anaona mara moja kuwa waliojifungulia nyumbani hawamo, na anajua wa kumpigia simu.