Kinachomchosha askari polisi visiwani

Watu wakitaja ugumu wa kazi ya polisi hutaja hatari: mwizi mwenye panga, ajali za usiku, siku za uchaguzi. Mimi ni mtaalamu wa saikolojia ya kazi, na nimezungumza na askari wengi wa Unguja na Pemba juu ya kinachowapa moyo kazini na kinachowavunja. Hatari wanaitaja, ila hawakai nayo sana. Mazungumzo hurejea kwenye zamu, uhamisho, cheo, na namna mkubwa anavyomsemesha mdogo.

Si visiwani tu. Mwaka 1981 Charles Spielberger na wenzake, huko Florida, walitunga kipimo cha msongo wa kazi ya polisi, wakatenganisha hatari za kazi yenyewe na shinikizo la utawala na kukosa msaada. Tangu hapo tafiti za nchi nyingi zimekuta kuwa mambo ya ndani ya jeshi huwaumiza askari sawa na hatari za nje, na mara nyingi zaidi. Kabla yake, mwaka 1959, Frederick Herzberg alieleza kuwa mshahara na mazingira ya kazi vikiwa duni huleta manung'uniko, lakini vikiwa vizuri havitoshi kumfanya mtu aipende kazi. Mapenzi ya kazi hutokana na kuona umefanikisha jambo, na likatambuliwa.

Hapo ndipo visiwa vyetu vina uzito wake. Polisi ni jambo la Muungano tangu 1964, kwa hiyo kijana wa Mara anaweza kupangiwa Micheweni, Pemba, asikojua mtu. Wa Pemba akipangwa karibu na kwao, anakutana na muhali, yaani haya ya kumkatalia mtu wa karibu. Mtuhumiwa ni mtoto wa jirani wa mama yake, na jioni wazee wanamsubiri barazani: "Mwanetu, yamalizeni haya nyumbani." Kesi za udhalilishaji wa wanawake na watoto ndizo zinazoumiza khasa. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anahangaika na ushahidi, anamtuliza mtoto mpaka aseme, kisha familia mbili zinasuluhishana, shahidi hatokei mahakamani, kesi inakufa. Nawajua askari hodari wa kazi hii walioomba kuhamishwa. Kuitwa wavivu ni kuwaonea.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nje hawalioni. Amri za polisi zinatoka kwa Inspekta Jenerali wa Muungano, lakini jalada la kesi linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, na hukumu inatolewa na mahakama za Zanzibar. Mpelelezi akishalikabidhi jalada, ni rahisi asisikie tena limefikia wapi. Anafanya kazi asiyoiona mwisho wake.

Na akinung'unika, anamnung'unikia nani? Hana chama cha wafanyakazi, hawezi kugoma, na Ibara ya 147 ya Katiba ya Muungano inamkataza kujiunga na chama cha siasa. Njia ni moja, kupitia wakubwa zake. Ndiyo maana mkuu wa kituo ana nguvu kubwa mno juu ya furaha ya askari wake, kuliko hata waziri. Akiwa kila jambo anajibu "amri ni amri", njia hiyo moja imezibwa. Kwenye tukio, sawa, hakuna muda wa kujadiliana. Ratiba ya zamu za Ramadhani si tukio. Inaweza kubandikwa ukutani mapema, na kila mtu akajua siku gani atafuturu na wanawe.

Historia yetu inajua uzito wa suala hili. Baada ya uhuru wa Desemba 1963 serikali iliwaachisha kazi askari wengi wenye asili ya bara, na baadhi yao walikuwamo katika harakati zilizoteka kambi za polisi za Ziwani na Mtoni usiku wa kuamkia 12 Januari 1964.

Nikiulizwa na wakuu waanzie wapi, sianzi na fedha, ingawa nyumba za askari zinastahili kutengenezwa. Anayehamishwa aambiwe sababu, na aambiwe mapema kabla ya muhula wa skuli kuanza. Aliyekosa cheo aelezwe alipopungukiwa. Na mpelelezi apewe jibu la kila jalada alilolipeleka: limefika mahakamani, limerudishwa au limefungwa, na kwa nini. Hayo mkuu wa kituo anaweza kuyaanza wiki hii.