Boti ya Kusimama Kimya

Boti kuukuu ikiletwa mbele yangu, kitu cha kwanza ninachoshika ni nyundo ndogo. Kabla sijauliza mashine ina nguvu kiasi gani, kabla sijatazama rangi, nagonga. Faiba iliyoshikana na mbao kavu hutoa mlio mkavu na mfupi. Iliyolowa ndani hutoa mlio mzito uliozibwa, kama unagonga gunia la mchanga. Boti ninayoisimulia leo ilitoa mlio wa pili tezi nzima, yaani ukuta wa nyuma, kutoka kushoto hadi kulia.

Mwenyewe alikuwa ameshaikatia tamaa. "Fundi, ukiifufua ni yako," aliniambia, "lakini ivue besi. Ilitengenezwa kwa kazi hiyo." Nikakubali. Nilikuwa nimetengeneza boti kwa miaka mingi, nimevua kwa nyavu na kwa mshipi wa mkono, lakini samaki huyo aitwaye besi sikuwahi kumnasa hata mmoja.

Basi nikafanya jambo ambalo sasa namshauri kila anayeanza: sikuigusa boti kwa majuma sita. Nilikwenda kuvua nikiwa nimesimama ukingoni. Huwezi kuamua sakafu iwe juu kiasi gani, betri zikae wapi, au omo, sehemu ya mbele, ijengwe vipi, kama hujui samaki unayemfuata anaishi vipi na anaogopa nini. Nimewaona watu wakitumia nguvu na fedha nyingi kujenga boti nzuri ya kwenda kasi, kumbe kazi yenyewe ni kusimama mahali pamoja bila kelele.

Besi ninaowazungumzia ni wa maji yasiyo na chumvi, asili yao Amerika Kaskazini. Wawili ndio wanaofuatwa zaidi, yaani mdomo mkubwa na mdomo mdogo. Kuwatofautisha ni rahisi: mfunge samaki mdomo, utazame taya la juu. Likipita nyuma ya jicho, huyo ni mdomo mkubwa. Lisipopita, ni mdomo mdogo. Jina lao la kisayansi, Micropterus, maana yake ni pezi dogo, na lilitokana na kosa. Mwanasayansi Mfaransa Lacépède, aliyeliandika mwaka 1802, alipewa samaki ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limechanika, akadhani kipande kile kilichojitenga ni maumbile yake. Pezi liliharibika, jina likabaki.

Mdomo mkubwa ni mviziaji. Hukaa kando ya kisiki, chini ya magugumaji, kwenye kivuli cha gati, mahali ambapo yeye anaona bila kuonekana. Mawindo yakipita hufumbua kinywa ghafla, na maji huvutwa ndani pamoja na kilichomo. Ndiyo maana mara nyingi husikii mvuto wowote mkononi. Ameshameza chambo chako na anaweza kukitema kabla hujajua kitu. Ilinichukua siku nyingi kuacha kungoja mvuto na kuanza kuutazama mshipi pale unapoingia majini. Ukicheza kidogo, ukisogea pembeni, au ukilegea kabla chambo hakijafika chini, jua kuna mtu.

Chambo nilichojifunzia ni mnyoo wa plastiki laini, na hadi leo ndicho ninachompa kila anayeanza. Nick Creme wa Akron, Ohio, ndiye aliyeanza kuutengeneza mwaka 1949. Unafungwa hivi: chubwi, kile kizito cha kuzamishia, yenye umbo la risasi hutangulia kwenye mshipi, ikiteleza kwa uhuru, nyuma yake ndoana hupita kwenye kichwa cha mnyoo, hugeuzwa, kisha ncha hurudishwa ndani ya mwili wa plastiki. Ncha ikiwa imefichwa hivyo, unaweza kuutupa mnyoo katikati ya matawi na magugu bila kunasa. Utupe, uache uzame wenyewe, uinue kidogo kwa fimbo, uache uzame tena. Samaki wengi hula wakati chambo kinashuka, kwa hiyo mwenye haraka ya kukunja rili huwapita wote.

Joto la maji linatawala kila kitu, kwa sababu mwili wa besi hufuata joto la maji aliyomo. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi humeng'enya polepole, hali mara nyingi, na hafuati kitu kilicho mbali. Yakipanda hadi kama nyuzi 16, madume huingia maji ya kina kifupi, hufagia shimo kwa mkia, na baada ya jike kutaga, dume hubaki kuyalinda mayai na vifaranga. Dume huyo hushambulia chochote kinachokaribia kiota, na ukimnasa humchukui peke yake, maana samaki wadogo huyavamia mayai ndani ya muda mfupi. Mimi siwavui walio viotani. Sehemu nyingine sheria inakataza, nyingine inaruhusu. Kwangu jibu ni lile lile.

Somo lililobadilisha namna nilivyoitazama boti lilikuwa la sauti. Besi ana sikio la ndani, tena ana mstari wa ubavuni unaohisi mitikisiko ya maji. Na sauti ndani ya maji husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Siku moja nimesimama kwenye gati la mbao, samaki wawili wakionekana wazi chini yangu, nikaangusha koleo la kutolea ndoana. Walitoweka wote kabla koleo halijatulia. Koleo halikugusa hata tone la maji.

Nikarudi kwenye boti nikiwa najua ninachokitafuta: chombo kisichogonga, kisichoyumba, chenye omo tupu ya kusimamia.

Kazi ikaanzia tezi, kwa sababu mashine yote huning'inia hapo. Ndani ya faiba ya tezi huwa kuna plaiwudi, nayo huoza kupitia matundu. Mtu alitoboa kufunga kipima kina, akakaza skrubu bila silanti, gundi ya kuzuia maji, mti ukaanza kunywa. Kabla ya kukata, nililiweka ganda lote sawa juu ya vigogo, likashikiliwa kila upande. Boti iliyotolewa tezi hulegea, na ikipinda wakati epoksi, gundi ngumu ya resini, inakauka, itabaki imepinda maisha yake yote. Kisha nikakata ngozi ya ndani kwa grenda nikiacha ukingo wa sentimita tano. Kilichokuwa ndani hakikuhitaji tindo. Nilikichota kwa mkono, cheusi, kikinuka kama majani yaliyooza.

Nilipima unene wa zamani kwenye kona moja iliyosalimika kabla sijaitupa: milimita 38. Usisahau hatua hii, kwa kuwa vibanio vya mashine vinategemea unene huo. Nikachora umbo kwenye boksi, nikakata vipande viwili vya plaiwudi ya kiboti vya milimita 18, nikavigandisha pamoja, milimita mbili zilizopungua nikiziachia epoksi na kitambaa. Kingo za plaiwudi hunywa kuliko uso wake, kwa hiyo nilizipaka epoksi mara tatu kabla ya kuweka ubao mahali pake. Nyuma nikaujaza uji mzito wa epoksi usiobakiza hata mfuko wa hewa, nikabana, nikasubiri hadi kesho yake. Pembe nilizizungusha kwa uji huo huo, maana kitambaa cha faiba hakipendi kona kali, kisha nikalaza tabaka za kitambaa, kila moja likipita lililotangulia kwa sentimita chache.

Kuhusu epoksi, mambo machache. Kuongeza kigumishi hakuiharakishi, kunaidhoofisha. Ukiiacha nyingi ndani ya kikopo kirefu itajichemsha yenyewe hadi itoe moshi, basi imwage kwenye sinia pana. Inashika vizuri juu ya resini ya zamani ya poliesta, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo ukishaanza na epoksi, malizia nayo. Jua huila, hivyo lazima ifunikwe kwa rangi. Vaa glavu kila mara: kuna mafundi ninaowajua ambao ngozi zao zimeikataa kabisa, na mzio wa epoksi ukishaingia hautoki. Vumbi la faiba nalo linataka barakoa ya chujio, si kitambaa cha kufunga puani.

Matundu ya bolti niliyafanya kwa njia ninayoiamini kuliko zote. Nilitoboa kubwa kupita kiasi, nikajaza epoksi nzito, ikakauka, ndipo nikatoboa tena kwa kipimo cha bolti. Sasa bolti inapita ndani ya epoksi na haigusi mti. Hata silanti ikichoka, maji hayana pa kunywewa.

Kama boti yako ni ya alumini, utasumbuliwa zaidi na ribiti, vile vipini vinavyoshikanisha mabati yake. Mimina maji ndani yake ikiwa juu ya trela, kiasi cha kufunika ribiti za chini tu, kwa kuwa kila lita ni kilo moja na trela halikuundwa kubeba ziwa. Tazama chini panapotoka matone, weka alama kwa kalamu ya wino. Usitumie penseli: risasi yake ni grafiti, nayo huila alumini. Kwa sababu ya namna hiyo hiyo, usiweke sakafu ya mbao zilizotiwa dawa yenye shaba juu ya alumini. Nimeona ganda lililotobolewa na sakafu yake mpya.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa maji yaliyoingia botini ni kweli neno kwa neno: yote huishia ngamani, chini kabisa ya chombo. Nilipong'oa sakafu nilikuta povu lililowekwa chini ili boti isizame. Lilikuwa limelowa kama sifongo. Nililibeba vipande vipande, kila kipande kikichuruzika, na boti ikapanda wazi juu ya springi za trela. Watu huishi miaka na mzigo huo wakidhani mashine imechoka. Povu jipya nililiweka lile la vishimo vilivyofungwa, lisilonyonya maji kwa urahisi, nikaacha njia wazi katikati ili maji yote yafike ngamani kwenye pampu.

Omo ndipo wengi wanapokosea. Wanajenga jukwaa refu ili waone mbali, halafu boti inayumba kila wanapogeuka. Uzito wa mtu aliyesimama juu hupandisha kitovu cha uzito, na boti nyembamba hailisamehe hilo. Mimi jukwaa langu nililiweka chini ya ukingo wa boti, nikalifunika kwa mkeka laini wa povu. Betri zimefungwa mikanda, nanga inalala kwenye kitanda cha mpira, vifuniko vyote vina mpira pembeni. Koleo langu limefungwa kamba. Mbele kabisa nikafunga mashine ndogo ya umeme inayoongozwa kwa mguu, hiyo ndiyo inayokusogeza kimya kando ya magugu mikono ikiwa kwenye fimbo. Inataka betri yake, ile yenye sahani nene inayovumilia kuishiwa polepole. Betri ya kuwashia mashine itakufa mapema kwa kazi hiyo. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 18, kwa sababu waya usiolindwa ndio unaowasha moto.

Mashine ya petroli niliimaliza kwa siku mbili: impela mpya ya pampu ya maji, plagi, kabureta iliyoganda mafuta ya zamani. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama maziwa, ishara kwamba sili imepitisha maji, nikaibadilisha. Kamba ya kuzimia mashine ifunge mwilini kila safari.

Jambo moja linanigusa kuliko ukarabati wote. Rekodi ya dunia ya mdomo mkubwa ni ya George Perry, aliyoiweka Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, kwa samaki wa kilo 10.09. Mwaka 2009 Manabu Kurita alimnasa wa kilo 10.12 katika Ziwa Biwa, Japani, na kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo kuliko kanuni inavyodai, rekodi ikahesabiwa sare. Lakini Biwa si kwao besi. Alipelekwa Japani na watu, na yumo katika orodha ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi duniani. Samaki yule yule ninayemheshimu hapa, kule humaliza samaki wenyeji. Usihamishe samaki hai kutoka ziwa moja kwenda jingine, hata mmoja, na ukitoka majini safisha boti, mwaga maji yote, iache ikauke.

Siku ya kuishusha nilikaza kizibo cha tundu la kutolea maji mara mbili. Nilikwenda polepole hadi kwenye visiki, nikazima mashine kubwa mbali, nikasogea kwa ile ya umeme. Samaki wa kwanza alikula mnyoo ukiwa unashuka. Mshipi ulisogea pembeni kama upana wa kiganja, basi. Nililowesha mikono, nikamshika taya la chini, nikamwegemeza tumbo kwa mkono wa pili, maana mzito ukimning'iniza kwa taya tu unaliumiza. Nikamrudisha majini akaondoka mwenyewe.

Jioni boti ikiwa juu ya trela nilifungua kizibo nikakinga kikombe chini. Kilijaa nusu. Maji yalitoka kwenye skrubu moja ya kipima kina, ile niliyoifunga haraka siku ya mwisho, na kesho yake asubuhi niliing'oa.