Muziki wakati wa kusafisha kidonda cha moto

Kidonda cha moto huuma zaidi gozi inapobanduliwa. Mgonjwa aliyekwisha kusafishwa mara mbili hukaza misuli akisikia tu magurudumu ya toroli ya vifaa. Hapo ndipo muziki unapofanya kazi: hofu ikishuka, maumivu hubebeka. Dawa ya maumivu iko palepale. Ya kumeza mpe kama ilivyoandikwa, dakika 30 hadi 60 kabla, na muziki usiwe sababu ya kupunguza hata dozi moja.

Kwanza uliza. "Mzee, ukiwa nyumbani unapenda kusikiliza nini?" Kaswida, kwaya, taarabu, rumba, vyote vinafaa ilimradi amechagua mwenyewe. Wimbo uliopigwa kwenye msiba wa mwanawe unaweza kumliza kabla hujavaa glavu. Asiyetaka muziki aachwe na kimya chake. Uliza pia habari ya kifafa, na chungulia masikio: yanayotoka usaha hayavalishwi hedifoni.

Hesabu midundo ya wimbo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Wimbo wa midundo 60 hadi 80 kwa dakika hutuliza. Ila mgonjwa aliyejaa hofu simwanzii huo, maana haumshiki. Aanze na uliochangamka kidogo, kisha tushuke naye.

Anza dakika 15 hadi 20 kabla ya kufungua bendeji. Ukingoja mpaka apige kelele, wimbo anaoupenda utashikana na maumivu, na siku nyingine atauogopa kama anavyoiogopa toroli. Hedifoni ikae sikio moja, sauti iwe ndogo, ukimwita kwa sauti ya kawaida aitike. Lazima aweze kukwambia "subiri kidogo", nawe usubiri kweli. Gozi iliyoganda ilowe kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali. Ukiivuta kavu, hakuna wimbo utakaofidia.

Kinachoharibu zaidi ni simu. Pakua nyimbo mapema, weka hali ya ndege. Tangazo la intaneti likilipuka sikioni, mapigo ya moyo hupanda upya. Futa hedifoni kwa spiriti ya asilimia 70 kila baada ya mgonjwa. Zenye sponji hazisafishiki, ziache. Aliyeungua uso au masikio awekewe spika ndogo kando ya kitanda.

Mwisho andika kwenye faili alama ya maumivu 0 hadi 10, mapigo na upumuaji, kabla na baada, na jina la wimbo, ili zamu inayofuata isianze kumuuliza upya.