Je, wajua kwa nini Mnairobi husema "alinisevu" lakini hasemi "shilinisevu"?

Nikiwa darasa la sita, katika shule moja ya Eastlands, nilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuchanganya Kiswahili na Kiingereza, na kwa miaka mingi niliamini maelezo yaliyoandamana nacho: kwamba anayechanganya lugha huwa hajui hata moja sawasawa. Nilikosea, na wengi wangali wanakosea hivyo hivyo.

Kama kuchanganya kungetokana na upungufu, basi wasioimudu lugha ya pili wangeongoza kwa kuchanganya. Mwanaisimu Shana Poplack alipochunguza Wapuerto Rico 20 wa New York, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1980, alikuta kinyume: waliozimudu lugha zote mbili ndio waliovuka kutoka moja hadi nyingine katikati ya sentensi, ilhali wenye ujuzi mdogo walichomeka vijineno vya pembeni tu. Watu 20 ni wachache, na New York si Nairobi, lakini lile dai la kibao halikutegemea hata watu 20.

Tuliangalie neno lenyewe, "alinisevu", linalosemwa mtu anapohifadhi namba yako katika simu. A- humtaja mtenda, -li- wakati, -ni- mtendwa. Cha Kiingereza ni mzizi tu. "Shi" ya Kiingereza, inayomtaja mtenda wa kike, haikai mahali pa a-. Carol Myers-Scotton, mwanaisimu Mmarekani aliyetumia pia mazungumzo yaliyorekodiwa Nairobi, alipendekeza mwaka 1993 kwamba katika mchanganyiko wa namna hii lugha moja hutoa kiunzi cha sarufi na nyingine hutoa maneno ya kujazia. Ni kama matatu inavyoundwa: juu ya chasisi fundi ataweka viti, spika na michoro apendavyo, na kesho atavibadilisha, lakini hawezi kuunga nusu ya chasisi hii na nusu ya ile akatarajia gari litembee.

La kushangaza ni kwamba nafasi ya mzizi huo iliandaliwa zamani. Kitenzi cha Kibantu hugeuza irabu ya mwisho kinapokanushwa katika wakati uliopo, "anapenda" kikawa "hapendi", lakini vilivyotoka Kiarabu havigeuki: "anajibu", "hajibu". "Anasevu", "hasevu" vimepita mlango huo huo, na sijawahi kusikia mtu akivishwa kibao kwa kusema "hajibu".

Kiunzi hicho, hata hivyo, kina ufa. Vijana husema "maboizi", kutoka "boys" ya Kiingereza, neno lenye wingi mara mbili: ma- ya Kiswahili mbele, na alama ya wingi ya Kiingereza nyuma, ambayo kwa maelezo ya juu ingepaswa kuachwa nje. Mwaka 2000 Myers-Scotton na Janice Jake walipendekeza kwamba si viambishi vyote vilivyo sawa: cha wingi huchaguliwa pamoja na maana ya nomino, kwa hiyo huweza kusafiri nayo, kama boliti iliyokuja imefungwa kwenye kiti, ilhali vya upatanisho, kama wa- ya "wamefika", huitwa baadaye, sentensi inapounganishwa. Maelezo hayo yana wapinzani wake, lakini yanalingana na ninayoyasikia kituoni: neno "maboizi" hubeba wingi wa lugha mbili, kisha kitenzi kinachofuata huwa "wamefika", Kiswahili kitupu.