Oluwaanyi na Karatasi ya Mpima

Mimi ni mpima ardhi. Nimelelewa Bombo, Uganda, ambako barazani utasikia Kiswahili na Kinubi, lakini hati ninazobeba kazini ni za Kiingereza. Ugomvi mwingi ninaouona unaanzia hapo: mwenye kibanja, yaani shamba analoishi na kulima bila hati, hawezi kuisoma karatasi, na mwenye karatasi huenda hajawahi kukanyaga kibanja.

Mkataba wa Buganda wa Machi 1900, kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda, uliigawa nchi kwa maili za mraba kabla haijapimwa. Machifu na wakubwa wengine wapatao 1,000 walitengewa maili 8,000, na ndiyo asili ya neno mailo, jina la umiliki huo wa ardhi. Wakulima walilala wenyeji, wakaamka wapangaji. Sheria ya 1928 iliweka kikomo cha busuulu, kodi ambayo mkulima humlipa mwenye ardhi, ile ya 1998 ikawatambua wenye vibanja, na marekebisho ya 2010 yakasema wasifukuzwe bila amri ya mahakama. Hata hivyo, ukifungua ramani hutawaona. Utaona namba ya bloku na ploti, basi.

Kuna kikao kimoja cha mpaka sikisahau. Wakili na msimamizi wa mwenye hati walipewa viti kivulini. Akina mama wakakaa mikekani, juani. Ramani ikapita kiti kwa kiti; mikekani haikufika. Kilichofika ni swali tu: "Mmeelewa?" Wote wakaitikia ndiyo. Ndiyo hiyo mimi siihesabu. Ni adabu ya mtu aliyeketishwa chini.

Nikaomba ramani iletwe mkekani. Nikaitandaza, nikaigeuza mpaka barabara ya karatasini ikalala sambamba na barabara yenyewe, nikaweka vijiwe kwenye pembe.

"Bibi, ulipoolewa hapa, ulionyeshwa mpaka wapi?"

Akasimama, akatutangulia kupita migombani hadi kwenye mstari wa oluwaanyi, mti ambao Waganda huupanda mipakani kwa sababu ukikatwa huchipua tena. Ndani kidogo ya mstari huo palikuwa na makaburi matatu.

"Mwanangu, mashahidi wangu ni hawa. Huyu baba mkwe, huyu mama mkwe, huyu mume wangu."

Nikashusha macho kwenye karatasi. Mstari wa ploti mpya, uliochorwa ofisini, ulipita juu ya kaburi la katikati.

Wakili alichuchumaa, akaufuata mstari kwa kidole, kisha akayatazama makaburi bila kusema kitu. Alasiri hiyo tulipima upya tukifuata oluwaanyi. Bibi ndiye aliyeshika ncha ya utepe.