Gari lililolala miezi kadhaa: plagi huonewa

Mwenye gari kasafiri, gari limebaki uani Wete au Mwanakwerekwe, hapa Zanzibar, masika yote. Akirudi, injini inamisi, yaani mwako wake unaruka, inatetemeka kama mwenye homa. Hukumu hutoka papo hapo: "Plagi zimekufa, nunua seti mpya."

Plagi, kile kinachotoa cheche ya kuwasha petroli, haichakai kwa kukaa. Kinachoila ncha yake ni cheche, na gari lililozimwa halitoi cheche. Vinavyoharibika gari likilala ni vingine: betri hushuka nguvu, petroli hupoteza sehemu zake nyepesi zinazowaka upesi na kuacha utando kwenye injekta (vinavyopuliza petroli kwenye injini), na hewa yetu ya chumvi hutia kutu kwenye soketi za nyaya. Panya nao! Fungua boneti utazame nyaya kabla hujatoa hata senti.

Kisha gari lisomwe kwa mashine ya kusomea hitilafu. Kodi (namba ya hitilafu) P0302, kwa mfano, inasema silinda ya pili, chumba cha pili cha kuunguzia petroli, ndiyo inayomisi. Kama kila silinda ina koili yake (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche), hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, futa kodi, washa tena. Ikitokea P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi vivyo hivyo, halafu ndipo ushuku injekta. P0300 inaonyesha silinda zinamisi ovyo. Hapo anza na betri na petroli ya zamani.

Taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, usiendeshe: petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, cha bei kubwa kuliko plagi zote.